Jinsi ya Kusoma Tamko la Mabalozi Uchaguzi Unapoahirishwa

Ukishaletewa tamko, ruka salamu na orodha ya maazimio. Nenda moja kwa moja ukatafute tarehe. Penye siku, mwezi na mwaka pana neno. Palipoandikwa "mapema iwezekanavyo" hapajasemwa kitu.

Tujifunzie Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwani huko wananchi wamelisomea somo hili kwa machozi. Muhula wa pili na wa mwisho wa Rais Joseph Kabila ulifika kikomo Desemba 2016, na kifungu cha 220 cha Katiba ya 2006 kinakataza kabisa kuchezea idadi ya mihula. Kura haikupigwa. Mahakama ya Katiba ilikuwa imeshatamka tangu Mei kwamba rais aliyepo hukaa mpaka aliyechaguliwa aapishwe. Oktoba 2016, mazungumzo aliyoyasimamia Edem Kodjo kwa niaba ya Umoja wa Afrika yakaisogeza kura hadi Aprili 2018. Maaskofu Katoliki wa CENCO wakaikokota irudi karibu: makubaliano ya 31 Desemba 2016 yakataka ifanyike kabla ya mwisho wa 2017. Mwaka huo nao ukapita hivihivi. Novemba 2017 tume ya uchaguzi, CENI, ikataja 23 Desemba 2018.

Ziandike tarehe hizo zote kwenye karatasi moja. Tamko likija limeipokea kalenda mpya kwa furaha bila kuitaja iliyovunjwa, jua mdaiwa amesamehewa deni na mtu ambaye hakumkopesha. Aliyekopesha ni wewe mpiga kura.

Sasa tafuta mtenda. "Vurugu zimezuka." Nani alizizusha? "Pande zote zijizuie." Pande zipi? Tarehe 31 Desemba 2017 waumini wa Kinshasa walitoka misani kudai makubaliano ya mwaka uliotangulia yaheshimiwe. Wakapigwa mabomu ya machozi na risasi, na wengine walifuatwa hadi ndani ya makanisa. Watu wakafa. Upande mmoja ulikuwa na rozari, mwingine bunduki, na balozi anayeziweka pande hizo kwenye mizani moja anasema uongo, hata kama kila neno lake limepimwa.

Kwa mkuu wa ujumbe wa kulinda amani, soma kwa uangalifu zaidi, na kwa haki. Huyu anabeba mizigo miwili isiyokaa pamoja. Baraza la Usalama linamtaka awalinde raia na kusaidia uchaguzi. Lakini askari wake, ndege zake na viza za wafanyakazi wake viko chini ya ridhaa ya serikali ileile inayochelewesha kura. Oktoba 2014 Scott Campbell, aliyeongoza ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo, alifukuzwa baada ya ripoti kuhusu mauaji yaliyofanywa na polisi Kinshasa katika Operesheni Likofi. Waliokuja baada ya hapo kuongoza MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani Kongo, yaani Maman Sambo Sidikou kisha Leila Zerrougui, walijua bei ya kusema waziwazi. Na Machi 2017, miezi mitatu tu baada ya muhula kuisha, Baraza lilipunguza kiwango cha juu cha askari hadi 16,215, huku likiiagiza MONUSCO isaidie kutekeleza makubaliano. Kwa hiyo mkuu akizungumza kwa sauti ya chini, usiharakishe kumwita mwoga. Uliza kwanza mabalozi waliomtuma wamempa mgongo gani wa kuegemea. Mimi lawama yangu kubwa ninaiweka kwao: wana uwezo wa kugharimia ukweli, wanamwachia mtumishi wao alipe peke yake.

Kisha tafuta gharama. Ahadi ikivunjwa, nani ataumia? Hapa Kongo inafundisha jambo la kutia moyo. Umoja wa Ulaya uliwawekea vikwazo maofisa saba mwezi Desemba 2016, na watu wengine tisa mwezi Mei 2017. Oktoba 2017 Nikki Haley, balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa, alifika Kinshasa akasema kura ipigwe 2018, la sivyo msaada usitegemewe. Hazikupita wiki mbili, kalenda ikatoka. Neno lenye gharama husikika.

Mwisho soma matamko yanayotoka baada ya kura, maana hapo ndipo wengi huweka kalamu chini. Desemba 2018 ghala la CENI liliungua Kinshasa pamoja na mashine za kupigia kura, siku ya kura ikasogezwa hadi tarehe 30. Maaskofu walisambaza waangalizi wapatao 40,000, wakasema takwimu zao hazilingani na matokeo yaliyompa ushindi Félix Tshisekedi dhidi ya Martin Fayulu. Tarehe 17 Januari 2019 viongozi waliokutana Umoja wa Afrika walisema wana mashaka makubwa, wakaomba matokeo ya mwisho yasitangazwe kwanza, ujumbe wao ufike. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Mahakama ikayathibitisha. Safari ya ujumbe ikafa. Rais akaapishwa tarehe 24.

Katika kila tamko la siku hizo, watafute watu wa Beni na Butembo. Kura yao, pamoja na ya Yumbi, ilisogezwa hadi Machi 2019, kwa Beni na Butembo sababu ikitajwa Ebola na ukosefu wa usalama. Wapiga kura zaidi ya milioni 1 wakawa wamechaguliwa rais na wengine. Tarehe 30 Desemba wakazi wa Beni walipanga foleni, wakanawa mikono kwa kuiogopa Ebola, wakapiga kura zao wenyewe kwenye karatasi. Hazikuhesabiwa popote rasmi. Tamko lisilowataja hao, lirudishe kwa aliyeliandika na umwambie hajamaliza.