Mizani ya Jikoni Haihongeki

Sufuria zimekwisha kusifiwa vya kutosha. Vinu vina nyimbo zake, na jiko la mkaa halikosi watetezi. Leo zamu ni ya kibamba cha kioo na plastiki kinachoegemezwa kando ya jokofu, ambacho hakipiki, hakikaangi, hakipoozi wala hakipashi moto, na ambacho tangu kiingie nyumbani hakijamfurahisha mtu hata mmoja. Naisifu mizani ya jikoni. Wenye sahani mikononi waziweke chini, maana itazitaka baadaye.

Anayesifiwa hutajwa kwanza kwa ukoo, na ukoo wa mizani si wa kubeza. Wamisri wa kale waliamini kwamba moyo wa marehemu hupimwa dhidi ya unyoya wa Maat, na ole wake ambaye moyo wake ungelemea. Qurani ina sura nzima, Al-Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo, na kitabu cha Mithali nacho kinailaani mizani ya hila. Huku pwani, kabla gramu hazijafika, kulikuwa na kibaba, na vibaba vinne vilifanya pishi. Hata kilo yenyewe imetoka katika nyumba ya kifalme: tangu mwaka 1889 mama wa kilo zote alikuwa silinda ya platini na iridiamu, aliyefungiwa Sèvres, karibu na Paris. Baada ya karne moja ilionekana kwamba uzito wake na wa nakala zake umepishana kwa takriban mikrogramu 50. Hakuna aliyemtetea kwamba ni maji tu hayo, yatatoka. Tarehe 20 Mei 2019 alistaafishwa, na kilo ikakabidhiwa kwa kanuni ya fizikia isiyonenepa wala kukonda.

Sasa tazameni heshima anayopewa ndugu wa mizani ya jikoni aliyeko buchani. Pale hatutaki mchezo. Mshale ukisita, nasi tunasita. Muuzaji akisahau kidole juu ya sahani, tunapaza sauti. Akitupia mfupa, tunadai steki. Serikali ya Tanzania imeweka Wakala wa Vipimo ukague mizani na kuigonga mihuri, na lumbesa imepigwa vita miaka nenda miaka rudi ili mkulima asiuze gunia lenye kilemba kwa bei ya gunia la kawaida. Kwa gramu hamsini za nyama tuko tayari kuitana wezi mbele ya watu. Lakini nyama hiyohiyo ikishafika nyumbani, ikapikwa na kupakuliwa, mizani ikiletwa mezani wote tunauliza: ya nini tena hiyo? Tunataka haki wakati wa kununua. Wakati wa kula tunaomba huruma.

Na huruma mizani haina, ila moja. Ina kitufe cha sifuri. Weka bakuli, bonyeza, na uzito wote wa bakuli umefutwa. Ukianza kupakua, msamaha umekwisha. Ndani yake mna kipande cha chuma kinachopinda kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, na nyaya nyembamba zilizobandikwa juu yake hubadili ukinzani wa umeme kadiri kinavyopinda. Hiyo ndiyo akili yake yote. Haijui kwamba leo ni Ijumaa, kwamba ulishinda juani, wala kwamba kilichobaki kwenye sufuria kikilala kitachacha.

Kitendo chake cha kwanza cha kishujaa kilifanyika kwenye wali. Kila nyumba ina mtu anayesema, “Mimi nipakulie kidogo tu.” Kidogo hicho kikipandishwa juu ya kioo, namba hupanda, hupanda tena, kisha hutulia kwenye gramu 400. Hapo huanza mabishano ya kitaalamu. Gramu 100 za mchele mkavu zina takriban kalori 360. Zikishakunywa maji huwa wali wa gramu 250 hadi 300, na kalori ni zilezile. Kwa hiyo mtetezi wa sahani husema kwamba sehemu kubwa ya uzito ni maji. Mizani haibishi. Inangoja hesabu, na hesabu inasema kwamba gramu 400 za wali mweupe, kabla ya kuguswa na mchuzi, ni kama kalori 520.

Lakini aliyeumbuliwa kweli ni mafuta. Wali ulikuwa ukitazamwa kwa jicho la shaka tangu zamani. Mafuta yalipita mlangoni yakisalimiwa. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au protini ina 4. Mpishi anayemimina kwa kusikiliza mlio wa chupa humimina vijiko vitatu vya chakula bila mkono kuchoka. Hivyo ni gramu 40, yaani kalori 360, sawasawa na zile gramu 100 za mchele tulizozigombania. Ndivyo mchicha, uliokuwa ukipata pongezi za afya kutoka kwa ukoo mzima, ulivyokutwa unaogelea.

Baada ya mafuta ilikuja sukari. Kijiko cha chai kilichosawazishwa huchukua gramu 4. Kijiko cha nyumbani hakisawazishwi, kina mlima, na mlima huo hukaribia kuongeza kijiko cha pili juu ya kile cha kwanza. Shirika la Afya Duniani linashauri, ikiwezekana, mtu mzima asizidishe takriban gramu 25 kwa siku. Milima mitatu katika kikombe cha asubuhi, na siku imekwisha kabla ya saa mbili.

Tusizisahau karanga, ambazo katika historia ya binadamu hazijawahi kuhesabiwa kuwa ni chakula. Karanga huliwa na mkono ulioachwa peke yake wakati macho yapo kwenye mpira. Bakuli la gramu 100 lina kalori zipatazo 570. Limeishinda sahani ya wali iliyotufanya tuitane majina, na hakuna aliyekumbuka kulitaja.

Wapo watakaosema kwamba mtu mwenye akili timamu hukumbuka alichokula. Mwaka 1992, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa New York juu ya watu walioshindwa kupungua huku wakiapa kwamba wanakula chini ya kalori 1200 kwa siku. Watafiti walipopima kwa njia isiyotegemea maneno yao, waliona kwamba kwa wastani watu hao walikuwa wakitaja pungufu kwa asilimia 47 ya walichokula. Walikuwa wanakula karibu mara mbili ya hesabu yao, na kiapo chao kilitoka moyoni. Zaidi ya karne tatu kabla yao, daktari mmoja wa Padova aliyeitwa Santorio Santorio hakutaka kuiamini hata kumbukumbu yake mwenyewe. Alitundika kiti kwenye mizani, akawa anakaa humo kula, akipima kinachoingia na kinachotoka kwa miaka mingi, na mwaka 1614 akachapisha kitabu. Majirani hawakuacha maandishi, ila mialiko ya chakula lazima ilipungua.

Wapinzani wana hoja nyingine: babu zetu hawakupima. Walipima. Bibi aliuliza kwanza wanakula wangapi, ndipo akachota kibaba. Na babu alizimaliza kalori zake nyuma ya jembe, si nyuma ya usukani kwenye foleni. Hoja moja tu naikubali bila mzaha. Wapo watu ambao namba huwageukia ugonjwa, wakaogopa hata tonge la ugali. Kwao mizani itoke nyumbani, na daktari aitwe.

Imebaki sifa ambayo wenye nyumba hawapendi isomwe hadharani. Pima sahani zote za familia, si ya anayetaka kupungua peke yake. Ipandishe ya baba, yenye finyango zilizochaguliwa kwa adabu. Zipandishe za watoto. Mwishowe ipandishe ya aliyepika, anayekula akiwa amesimama, ukoko na mchuzi uliokwanguliwa. Hakuna mezani asiyelijua jambo hili. Lakini kulijua ni kitu kimoja, na kulisoma kwa gramu mbele ya watoto wanaojua kutoa ni kitu kingine. Mizani iliyonunuliwa ili ipunguze kitambi imegeuka shahidi wa kesi ambayo haikufunguliwa. Mwenye bucha tulimdai gramu hamsini. Sahani ya mwisho inadai zaidi ya hizo kila jioni, na haijawahi kupaza sauti.

Ndiyo maana mizani haina marafiki. Akija mgeni hufichwa kabatini, na hilo ni haki, kwa kuwa mgeni hapimiwi. Mgeni huondoka, nayo husahauliwa humohumo. Betri yake ikiisha ndipo sifa hukamilika. Rimoti ya televisheni ikizimika, mtoto hutumwa dukani usiku huohuo, hata kukiwa na mvua. Mizani ikizimika, nyumba nzima, yenye duka mlango wa pili, hukaa mpaka Ramadhani ijayo bila mtu kukumbuka. Sijaona msema kweli aliyewahi kupewa heshima kubwa kuliko hiyo.