Namna ya Kuanzisha Mtindo wa Vijana Kindu, na Namna ya Kuuzika kwa Heshima

Kijana wa Kasuku, wa Mikelenge, na wewe uliye ng'ambo ya mto kule Alunguli, mwongozo huu ni wenu. Mmenyoa pembeni mkaacha juu, mko watano, mna wimbo mmoja kwenye simu, na mnaamini kwamba tangu Lualaba ianze kutiririka hakuna aliyecheza kama ninyi. Imani hiyo ishikeni kwa mikono miwili. Kila mtindo wa vijana uliowahi kuitikisa nchi hii ya Kongo ulianzishwa na watu wenye imani hiyo hiyo, na wote walikuwa na haki nayo.

Jambo la kwanza ni kutafuta mzee wa kuwachukia. Kazi isianze kabla hamjampata. Muziki unaompendeza kila mtu nyumbani ni muziki tu, bado haujawa mtindo. Sisi kwetu tulikuwa naye tayari: baba, mfanyakazi wa reli, aliyekuwa na gramafoni na sahani za rumba za African Jazz alizozifunga kwa kitambaa kama sahani za kulia wageni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 niliingia na kaseti ya Zaiko Langa Langa. Akasikiliza dakika nzima bila kusema neno, kisha akauliza: "Tarumbeta ziko wapi?"

Hazikuwepo. Na hapo ndipo penye siri ya Zaiko. Vijana walioianzisha Kinshasa tarehe 24 Desemba 1969 waliziacha tarumbeta na saksofoni za wakubwa wao, wakaleta drams mbele, wakairefusha sebene, ile sehemu ya magitaa na kucheza, mpaka ikawa ndiyo wimbo wenyewe. Kwa sikio lililolelewa na Kabasele na Franco, wakuu wa rumba, hizo zilikuwa fujo. Baba akaamuru nizime. Bibi alikuwa uani anachambua sombe, akainua kichwa: "Mwanangu, na wewe gitaa lako si baba yako alilitia motoni?"

Baba alinyamaza, akarudi kwenye sahani zake. Kaseti haikuzimwa.

Na babu aliyelichoma gitaa hakuwa wa kwanza kwenye ukoo huu wa hasira. Kabla ya rumba kulikuwa na beni: ngoma ya vijana iliyozaliwa pwani, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, ikapanda bara na wabeba mizigo na askari hadi kwenye migodi ya Katanga, ambako watu waliiita mbeni. Vijana walivaa magwanda, wakapeana vyeo vya kingi na jenerali, wakapanga safu kama jeshi. Serikali za kikoloni ziliwatazama kwa wasiwasi, wazee kwa dharau. Leo huku kwetu hakuna anayeicheza. Kwa hiyo mzee akikwambia uzime makelele, usinune. Mpe kiti akae. Amekuingiza kwenye ukoo.

Ukishachukiwa, tafuta sauti, na usiende kuinunua mbali wakati iliyo mlangoni ni bure. Inasimuliwa kwamba Meridjo Belobi, mpiga drams wa Zaiko, aliupata mdundo wa kavasha wakiwa safarini kwenye treni upande wa Kongo-Brazzaville: magurudumu yanagonga maungio ya reli, naye anayafuata kwa vidole. Mdundo huo ukaingia hadi Nairobi na Dar es Salaam, na bendi nyingi zikauchukua. Sasa niambieni, mji gani una haki na kavasha kuliko Kindu, ambako reli inayotoka Lubumbashi inakomea mtoni? Utotoni tulikuwa tunalaza sikio kwenye chuma ili tujue kama treni iko karibu. Hatukujua kwamba tulikuwa darasani.

Baadaye wakaja akina Nono na Bébé, maatalaku wa kwanza, wakaingia Zaiko na kelele za mtaani: wito, majina, maneno ya kuwarusha watu viunoni. Chombo chao mkononi kilikuwa kopo la dawa ya wadudu. Sisi hapa tukatengeneza la kwetu. Tuliliosha kwa mchanga siku mbili ili harufu itoke, tukalitoboa kwa msumari, tukatia punje za mahindi makavu. Mahindi yakavunjika, sauti ikawa butu kama mtu anayeongea na chakula mdomoni. Tukatia changarawe za mtoni, zikawa kali mno, zikalifunika gitaa. Mwishowe tukatia shanga za dada yangu, na kopo likaimba. Dada alizitambua shanga zake kwa mlio kabla hajazikosa sandukuni. Miaka arobaini imepita, na bado nikisikia kopo lolote likitikiswa najua ndani yake mna nini. Hiyo ndiyo elimu ambayo mtindo wa vijana unatoa na shule haitoi, na ndiyo maana siwezi kuusikiliza kwa utulivu mkutano wowote unaosema vijana wanapoteza wakati.

Nguo na maneno huja pamoja, msivitenganishe. Katika miaka ya 1950 vijana wa Kinshasa walitoka sinema wakiwa wamemwona Buffalo Bill, wakajiita Bills, wakavaa kama wachunga ng'ombe wa Marekani, wakajitungia lugha iliyoitwa Hindubill. Filamu zile zimesahauliwa, lakini maneno yao yaliingia kwenye Kilingala cha mtaani na kubaki humo. Kisha Mobutu akaja na siasa ya uhalisi, suti na tai vikapigwa marufuku, abakosti, koti la kuvaliwa bila tai, ikawa vazi la mtu wa heshima. Unapomkataza kijana tai umemfundisha thamani ya tai. Sape, mtindo wa vijana wa kuvaa kifahari, iliyokwisha kushika mizizi Brazzaville, ikampata Kinshasa balozi wake mkubwa, Papa Wemba, mzaliwa wa Lubefu kule Sankuru, majirani zetu wa magharibi. Vijana wakalala njaa ili wanunue viatu. Wengi waliwacheka. Mimi siwacheki: mtu aliyeambiwa na serikali avae nini, kisha akachagua mwenyewe, ameonja uhuru hata kama tumbo ni tupu.

Na kabla ya hao wote, hapa hapa Maniema, kulikuwa na vijana waliovaa kanzu, wakajiita Wangwana, wakazungumza lugha ya misafara iliyotoka Zanzibar na Tabora kuja Nyangwe na Kasongo, wakati wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Misafara ile ilikuja na bunduki na minyororo, na hakuna haki ya kuipamba. Mamia ya vijiji yaliona moto kabla ya kuona kanzu. Lakini lugha ile, ambayo kwa babu zetu wa kijijini ilikuwa maringo ya vijana wa mjini, ndiyo tunayonunulia chumvi leo, ndiyo tunayolilia msiba. Ramazani, Asumani, Salumu: nenda shule yoyote ya Kindu, ita majina hayo, uone mikono mingapi itainuka.

Kuhusu pesa sitakaa sana. Magitaa, vipaza sauti na mafuta ya jenereta vina mwenyewe, na mwenyewe huyo kwa kawaida ana baa. Atawapenda mpaka siku baa itakapokuwa tupu. Andikeni kwenye daftari nani alinunua nini, hata nyaya. Orkesta nyingi zimekufa kwa sababu ya nyaya.

Mkishapata jina, mtagombana. Msiogope. Papa Wemba na wenzake walitoka Zaiko mwishoni mwa 1974 wakaunda Isifi Lokole, mwaka uliofuata ikazaa Yoka Lokole, na mwaka 1977 Wemba akaanzisha Viva La Musica. Orkesta ya Wenge Musica ilipasuka mwaka 1997, JB Mpiana huku, Werrason kule, na mashabiki wakagawanyika mpaka ndani ya nyumba moja. Ugomvi wa orkesta ni kama kukata mhogo: kila kipande cha mti ukikipanda kinaota. Kosa ni kugombana bila kupanda. Nimeona makundi mazuri hapa Kindu, vijana wenye sauti ambazo zingemsimamisha mtu barabarani, yakavunjika kwa sababu ya msichana mmoja au simu moja, na hakuna hata mmoja aliyeinua tena kipaza sauti. Hilo ndilo linaloniuma. Mkiachana, kila mmoja aondoke na wimbo.

Halafu mmoja wenu ataondoka kabisa. Mwacheni aende, ila mpeni anwani ya kurudi. Mwaka 1947, mji huu ulipokuwa bado wa Wabelgiji, alizaliwa upande huu mtoto aliyeitwa Ramazani Mtoro Ongala. Akaimba na kupiga gitaa Kongo, akapita nchi jirani, na mwaka 1978 akafika Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy. Baadaye akaiongoza Super Matimila, akawa Dokta Remmy. Aliimba mambo ya maskini kwa Kiswahili ambacho kila mwenye sikio alijua kimetoka huku kwetu. Aliimba kuhusu kifo, kuhusu kipato. Katika wimbo mmoja aliwaambia watu wazi wazi habari za kondomu wakati ambapo UKIMWI ulitajwa kwa kunong'ona. Mwaka 1988 alisafiri na maonyesho ya WOMAD, na mwaka 1989 dunia ikapata albamu yake Songs for the Poor Man. Uzeeni akaokoka, akauacha muziki wa dansi na kuimba Injili. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Kule Sinza kuna kituo cha daladala kinachoitwa Kwa Remmy. Kondakta analiita jina hilo kutwa nzima, na nusu ya wanaoshuka hawajawahi kumsikia akiimba.

Waulizeni vijana wenzenu wa Kindu huyu ni nani. Mimi nimewauliza. Wengi wao walidhani ni mchezaji wa mpira.

Sasa tuje kwenye mazishi, maana hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Mtindo haufi siku mpya unapoingia. Sisi wa Zaiko tulidhani ndombolo, dansi ya waliokuja baada yetu, ndiyo itakayotuua. Ndombolo ilikuja, na Oktoba 1998 waasi wa RCD wakauteka mji, treni ikasimama, chumvi ikawa dhahabu, watu wakacheza kwa sauti ya chini milango imefungwa. Nilicheza ndombolo katika vyumba hivyo pamoja na watoto niliowazidi miaka kumi na tano, na haikuua chochote ndani yangu. Mtindo unakufa siku aliyeupenda anapoona haya kuucheza mbele ya wanawe. Anasema, "Ah, yale yalikuwa mambo ya utoto," anaweka kaseti juu ya kabati, panya na unyevu wanamaliza kazi. Hapo ndipo mambo yanapozimika. Walioizika beni walikuwa ni walioicheza.

Kwa hiyo siku ikifika, zikeni kwa utaratibu. Chezeni kwenye arusi za watoto wenu, na mcheze hatua zote, hata ile ya kushuka chini inayowagharimu magoti. Waambieni wajukuu nani alitunga nini, katika ua wa nani, nani alikuwa na deni la nani. Kisha wapeni vijana waliopo nyimbo zenu wazivunje wanavyotaka.

Mwaka jana nilimpelekea mpwa wangu ile kaseti ya Zaiko. Ana kibanda karibu na soko, anachaji simu na kuhamisha nyimbo kwenye kadi za memori. Aliigeuza geuza mkononi.

"Mujomba, hii inaingia wapi?"

Nilimwomba biki. Nikaitia kwenye tundu la kaseti, nikazungusha polepole mpaka utepe uliolegea ukakaza, kama tulivyokuwa tukifanya enzi zile ili kuokoa betri. Akanitazama kama mtu anayefungua kufuli la zamani. Tulitafuta redio ya kaseti siku tatu, tukaipata kwa fundi mmoja Mikelenge, mkanda wake wa mpira umelegea. Fundi akaweka mwingine, tukaunganisha waya, na sauti ikaanza kuingia kwenye kompyuta ikiwa na mikwaruzo yake yote. Katikati ya sebene mpwa wangu aliacha kubofya. Alikuwa anasikiliza drams.

"Hii ni treni," akasema.

Sikuwa nimemwambia.

Wiki iliyofuata alikuwa ameikata ile sehemu ya drams, amewawekea wenzake, na kijana mmoja anaghani juu yake kwa Kiswahili cha hapa hapa. Baba angeuliza tarumbeta ziko wapi.

Ninyi wazazi mnaosoma haya, mliocheza kabla yetu na baada yetu: kaseti ya dakika 60 ina utepe wa kama mita 90, na unyevu wa Lualaba unaula kila siku. Ziteremsheni juu ya makabati. Andikeni kwenye karatasi jina la orkesta, mwaka, na jina la aliyepiga solo, kisha mpelekeeni kijana yeyote mwenye kompyuta. Fanyeni hivyo sasa, kabla mvua hazijarudi.