Umeletewa Mmarekani: Mwongozo kwa Mwenyeji wa Makambako

Hongera. Shule, kanisa au mradi, kwa sababu ambazo hukuelezwa vizuri, wamekuteua wewe umpokee Mmarekani. Ni mtu wa mjini, wa Chicago au kwingine kama huko, ana miaka ishirini na ushee, begi linalomzidi kimo, na maoni. Begi utamsaidia kubeba. Maoni atayabeba mwenyewe na kuyashusha popote atakapokaa: kwenye kochi lako, kwenye bajaji, kwenye foleni ya benki. Mwongozo huu utakufikisha salama mpaka siku anayoondoka. Usome mara mbili, maana mara ya kwanza utadhani unamhusu yeye.

Anza na salamu. Mfundishe kwamba jibu ni "nzuri", na kwamba habari yenyewe hufuata baadaye, kama ipo. Safari nzuri, ila basi lilipinduka. Nyumbani salama, ila babu amefariki. Yeye akiulizwa habari za safari hudhani kweli ameulizwa habari za safari, na ataanzia uwanja wa ndege. Mzee aliyemsalimia atasimama na jembe lake begani akisikiliza yote, kwa kuwa hakuna adabu inayomruhusu kuondoka. Mwokoe mzee mapema. Ukichelewa, simulizi itafika kwenye tumbo.

Pili, mvalishe. Atafika Juni na fulana tupu, kwa sababu kwao aliambiwa Afrika ni joto, na wewe hukumwandikia kwamba Njombe ipo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na kuna asubuhi nyasi zinaamka nyeupe kwa sakitu. Mpeleke mnadani kwenye mitumba. Atachagua koti zito lenye jina la chuo kikuu cha jimboni kwao, na mfukoni atakuta risiti ya duka la kwao. Hapo atatoa maoni yake ya kwanza: mitumba inaua viwanda vya Afrika. Ana hoja. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua; wafanyabiashara wa nguo hizo huko Marekani wakaishtakia serikali yao, serikali yao ikatukumbusha habari ya AGOA, upendeleo wa kuuza kwao bila ushuru, na Tanzania, Kenya na Uganda zikagundua kwamba mitumba haina ubaya wowote. Rwanda ikakaza shingo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye upendeleo huo. Msimulie haya taratibu wakati anafunga zipu. Bei ya koti usiiguse: muuzaji aliipandisha mara tatu, na wewe ndiye uliyemkonyeza.

Sasa siasa. Hapa nenda polepole.

Mpeleke kijiweni, stendi ya bodaboda, saa nne asubuhi, abiria wakiwa wamepungua. Mpe nafasi kwenye benchi. Kabla hajakaa vizuri ataulizwa Pennsylvania inaelemea wapi. Hajawahi kufika Pennsylvania. Usijali, vijana watamweleza: kwamba kura za wajumbe ni 538, kwamba ukifikisha 270 umemaliza kazi, kwamba mwaka 2016 Hillary Clinton alimpita Trump kwa karibu kura milioni tatu za wananchi na bado akarudi nyumbani. Watabishana kwa sauti, watapiga benchi, wawili watanuniana mpaka mchana kwa ajili ya Georgia. Mgeni atafurahi mno. Atasema kwao hajawahi kuona vijana wanaojali siasa kiasi hiki. Kisha, kwa moyo mweupe, atauliza: "Na diwani wenu hapa mnamwonaje?"

Tulia utazame. Mmoja atakumbuka ana abiria. Wa pili atainama kukagua tairi. Wa tatu atasema, "Anajitahidi," na hapo mjadala utakuwa umefungwa bila mwenyekiti. Kanuni haijaandikwa popote na kila mtu anaifuata: sauti hupanda kadiri jambo linavyokuwa mbali. Ya Washington, piga benchi. Ya Nairobi, sema na ucheke. Ya Dodoma, kwanza angalia nani amekaa nyuma yako. Ya kata, hivi leo mvua itanyesha kweli? Ndiyo maana intaneti ilipozimwa nchi nzima Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi wetu, kijiwe kiliumia sana: tulikosa habari za Marekani. Bahati nzuri ilianza kurudi Novemba 3, tukawahi uchaguzi wa kesho yake huko New York, ambako Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, alishinda umeya. Hatukupitwa na la maana. Mgeni akitaka kujua wewe ulimpigia nani, mjibu kwamba kura ni siri. Ni jibu la kisheria kabisa. Litoe huku ukitafuta funguo.

Jambo jingine: ataomba radhi. Jioni moja, hakuna aliyemuuliza, ataanza kuomba radhi kwa niaba ya serikali yake. Ni kuhusu Januari 2025, misaada iliposimamishwa kwa siku 90, na Julai mwaka huohuo USAID yenyewe ikafungwa. Mkoa wa Njombe ndio uliokutwa na kiwango cha juu cha maambukizi ya VVU kuliko mikoa yote, asilimia 12.7 ya watu wazima katika utafiti wa 2022–2023, kwa hiyo miradi ya fedha hizo ilikuwa na ajira zake hapa. Uwezekano ni mkubwa kwamba mezani pamekaa jirani yako ambaye mkataba wake ulikatwa kwa amri hiyohiyo. Huyo ndiye atakayembembeleza mgeni. Atamwambia, "Usijali, si wewe," atamsogezea kikombe, atamuuliza mama yake anaendeleaje. Usiingilie kati. Hata msibani mfiwa ndiye anayehangaika kama wageni wamepata chakula. Angalia tu chai isiishe kabla mgeni hajapata nafuu.

Lumbesa itakusumbua kuliko siasa, kwa sababu hii ataiona kwa macho. Itakuwa msimu wa viazi mviringo, mko kando ya barabara ya kwenda Njombe, na lori limeegemea upande mmoja. Gunia limejaa mpaka mdomoni, lakini halijafungwa. Juu yake limeshonewa kilemba cha wavu, na ndani ya kilemba viazi vinapangwa kimoja kimoja, vikubwa pembeni, vidogo katikati, mpaka gunia linamfikia mshonaji kifuani. Kamba ya nailoni inavutwa kwa meno. Mgeni atauliza uzito. Ataambiwa kilo mia. Atajaribu kuliinua. Atauliza tena. Ataambiwa kilo mia.

Mweleze sheria, kwa kuwa sheria ipo na ni nzuri: gunia lisizidi kilo 100, biashara ifanyike kwa mizani, Wakala wa Vipimo wasimamie. Lumbesa imepigwa marufuku miaka nenda rudi, na kila ikipigwa marufuku watu wanashangilia, wakiwemo wanaoshona. Mkulima anaijua hesabu: kilicho ndani ya kilemba ni zawadi yake kwa mnunuzi, na mnunuzi hajawahi kushukuru. Lakini akigoma, lori linasogea mpaka shamba la jirani, na jirani ana ada ya shule ya kulipa. Mahindi ukiyatunza yanakungoja bei ipande. Kiazi kinakwambia mapema tu kwamba kinaoza.

Mgeni hatalijua hilo la kuoza. Atatoa maoni: wakulima waungane, wakatae kwa pamoja, hata wiki moja tu. Atalisema vizuri, kwa Kiswahili cha kujifunza kwa shida, na baba mwenye shamba atamsikiliza hadi mwisho, sindano ya gunia mkononi. Atasema, "Ni kweli kabisa, mwanangu." Kisha ataendelea kushona. Mgeni atarudi nyumbani ameridhika kwamba amepanda mbegu. Usimkatishe tamaa, na zaidi ya yote usiende naye siku ya kununua viazi vya nyumbani kwako. Mtume chumvi. Asikuone ukizunguka gunia kwa gunia ukitafuta lenye kilemba kirefu.

Kutembea. Mmarekani wa mjini hana gari kwao, kwa msimamo, na atakusihi usinunue pikipiki ambayo umeiwekea akiba miaka minne. Atapenda kutembea bila pa kwenda. Kila atakayekutana naye atamuuliza anaenda wapi, atajibu "natembea tu", na maswali yataongezeka. Mpe jembe. Mwenye jembe haulizwi. Hatari ni moja: kuna siku atapita mbele ya shamba la mtu mwenye kazi.

Siku ya mapumziko mwonyeshe mji. Makambako inajivunia vitu viwili: barabara kuu ya kwenda Zambia, ambayo Wamarekani walitia mkono katika kuijenga, na reli ya TAZARA, ambayo Wachina waliijenga kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba. Mataifa mawili yasiyoongea vizuri yalipita hapa hapa, yakituelekeza Kapiri Mposhi, huko Zambia. Akiwa stesheni mgeni atasema Wachina wanawategea madeni. Usimpinge, upepo wa Makambako utachukua nusu ya sentensi, na nusu iliyobaki unaweza kukubaliana nayo. Kesho akija fundi wa Kichina, utamwambia reli ndiyo kila kitu. Kila mgeni msifie chake. Wakikutembelea wote wawili siku moja, sifia maparachichi.

Mwisho ataomba kwenda Liganga, kwa kuwa kila mtu amemtajia. Mpeleke Ludewa, barabara ikiruhusu. Mwonyeshe mlima. Chuma kipo: tani milioni 126 kwa makadirio, pamoja na vanadiamu na titaniamu ndani yake, na jirani hapo, Mchuchuma, makaa ya mawe tani milioni 428. Mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China ulisainiwa Septemba 2011, Shirika la Maendeleo la Taifa likibaki na asilimia 20. Mkoa wenyewe wa Njombe ulikuwa haujaanzishwa, ulikuja 2012. Tangu hapo mradi umekuwa unaanza.

Utashangaa kijiwe kilivyochangamka mkirudi. Hili la Liganga wanalisema kwa sauti kamili, benchi linapigwa, megawati 600 za Mchuchuma zinatajwa kama zimeshawashwa, na hakuna anayeangalia nani amekaa nyuma yake. Usidhani kanuni imevunjwa. Mlima upo karibu, lakini siku ya kuchimba ipo mbali, na kwa hesabu za kijiwe Liganga ni kata ya Washington. Kuna aliyeshanunua kiwanja cha kujenga gesti ya mainjinia. Mpangaji wake wa sasa ni mahindi.

Mgeni atakuwa na maoni. Atasema makaa ya mawe yanaharibu hali ya hewa ya dunia, na kwamba ingekuwa busara kutochimba kabisa. Jibu lake lipo tayari, mpe kwa heshima: ushauri huo tumeuzingatia tangu 2011.

Muda wake ukiisha msindikize stendi, mfungie maparachichi ambayo hayataruhusiwa uwanja wa ndege. Baada ya miezi kadhaa atakutumia ujumbe kuuliza kama Liganga imeanza. Mwandikie kwamba watu zaidi ya elfu moja wamelipwa fidia, zaidi ya shilingi bilioni 15, ambayo ni kweli. Akiuliza baada ya fidia kinafuata nini, muulize Pennsylvania inaelemea wapi.