Jinsi ya Kuiita Kaboni kwa Jina Lake

Karibu Mabamba. Ukivuka mpaka uko Gisuru, Burundi. Ukibaki upande huu uko kidato cha nne, na mada iliyo mbele yako ni kemia ya oganiki. Usiogope. Kuogopa kuna wakati wake, nao ni Novemba.

Anza kwa kuhesabu kaboni. Moja ni meth-, mbili eth-, tatu prop-, nne but-. Mantiki usiitafute hapo. Kuanzia tano hadi kumi wanahesabu Kigiriki: penta, heksa, hepta, okta; isipokuwa tisa, ambayo wameiazima kwa Kilatini bila kumtangazia mtu. Nyumbani ulikulia Kiha, darasa la saba ukamaliza kwa Kiswahili, kidato cha kwanza wakakubadilishia Kiingereza. Hizi mbili za nyongeza zisikutoe jasho. Hutaulizwa salamu zake.

Sasa chagua ukoo. Bondi moja moja tupu ni alkani. Ikiwapo bondi mbili ni alkini, ikiwapo bondi tatu ni alkaini. Ethini ndiyo gesi inayotoka kwenye ndizi zenyewe na kuziivisha zikifukiwa shimoni. Ethaini ndiyo gesi ya fundi wa kuchomelea, anayoipata kwa kutia maji kwenye kabaidi. Kati ya shimo la ndizi na moto wa fundi pana irabu moja tu, na mwandiko wako unajulikana.

Haya, kazi yenyewe. Tazama zile chupa za petroli zinazouzwa kando ya barabara. Ndani mna haidrokaboni chungu nzima, na mojawapo maarufu ni isooktani, ile iliyopewa 100 kwenye kipimo cha oktani. Andika jina lake rasmi. Ina kaboni nane, kwa hiyo umeandika oktani. Umekosa. Tafuta mnyororo mrefu kuliko yote unaoweza kuufuata bila kuinua kalamu, hata kama mchoraji kaupinda makusudi. Utahesabu kaboni tano, basi hiyo ni pentani. Tatu zilizobaki ni matawi ya methili. Yape namba. Ukianzia upande huu unapata 2,2,4. Ukianzia ule, 2,4,4. Linganisha namba moja moja, na penye tofauti ya kwanza mdogo ndiye mshindi. Andika: 2,2,4-trimethilipentani. Mkato kati ya namba na namba, kistari kati ya namba na herufi, nafasi pasiwe nayo popote. Kisha nenda kamweleze dereva wa bodaboda. Atakusikiliza hadi mwisho, halafu atakuuliza kama unaweka mafuta au huweki.

Matawi yakiwa ya aina mbili, yapange kwa alfabeti: ethili mbele, methili nyuma. Di- na tri- hazihesabiwi kwenye kupanga. Iso- inahesabiwa. Ndiyo, umesoma sawasawa. Wakemia walikutana Geneva mwaka 1892 kutuliza vurugu ya majina, na IUPAC, umoja wao ulioundwa 1919, ukairithi kazi hiyo. Rufaa hazipokelewi.

Asidi iliyomo kwenye siki iite ethanoiki. Ukiandika asidi asetiki utaonekana mtu wa zamani. Na tafadhali usije ukafungua mapendekezo ya IUPAC ya 2013, kwa sababu humo wenyewe wamesema jina wanalolipendelea ni hilohilo asetiki. Mwalimu akisema ethanoiki, ni ethanoiki. IUPAC hawatakuja kukusahihishia mtihani.

Ukitumwa sokoni, kanuni ziache nyumbani. Zaidi ya asilimia 40 ya asidi za mafuta zilizo kwenye mawese ni palmitiki, yenye kaboni 16. Kitabuni inaitwa asidi heksadekanoiki. Wewe sema, "Shikamoo mama, naomba mawese ya elfu moja." Utapimiwa, na ukiwa na adabu utaongezewa kidogo. Ukiomba kwa jina la kitabuni ataitwa mtu wa ng'ambo aje kuongea na wewe Kifaransa.

Pombe ndiyo usiifanyie mzaha. Iliyomo kwenye gongo ni ethanoli, kaboni mbili. Methanoli ina kaboni moja, na kwa macho huwezi kuzitofautisha, maana zote hazina rangi. Ila methanoli ikifika kwenye ini hugeuzwa hadi kuwa asidi methanoiki, na hiyo hupofusha, hata kuua. Daftarini kosa la kaboni moja hupigwa mstari mwekundu. Kilabuni hakuna anayesahihisha.

Siku ya mtihani, karatasi namba 032, andika majina yote kwa mkupuo mmoja na usirudi nyuma kukagua. Ukirudi utabadilisha lile ulilokuwa umepata. Na ikitokea umefaulu, jambo ambalo mwongozo huu haukulipangia nafasi, utapelekwa kidato cha tano ukutane na benzini: kaboni sita zilizoshikana duara. Kwa kanuni zote ulizokariri, ingepaswa kuitwa sikloheksa-1,3,5-triini. Hakuna anayeiita hivyo, na elektroni zake hazikai kama jina hilo linavyodai. Ikivaa methili moja inaitwa toluini. Ikivaa OH, fenoli. Usinyooshe mkono kuuliza. Waliouliza mwaka jana walipewa kazi ya ziada.