Dakika Tano Kuhusu Shanta

Ndugu mwenyekiti wa kikao, dada mweka hazina, ndugu wajumbe, na wewe kijana uliyejilaza kwenye jamvi ukijifanya unasikiliza: itifaki imezingatiwa. Kaeni. Mmeshakaa? Basi endeleeni kukaa.

Kwanza niweke wazi kwamba sikualikwa. Nilikuja kuazima simu ninunue LUKU, maana kwangu ni giza na simu yangu imezima kwa sababu ya giza hilohilo. Lakini nilipofika hapo dirishani nikasikia mtu anasema "Usambara", mwingine akadakia "mabegi", na miguu ikasimama yenyewe. Daktari akimkuta mtu amezimia njiani haulizi kama amealikwa. Nimeomba dakika tano, mwenyekiti amenipa mbili, kwa hiyo tumekubaliana tano. Nashukuru pia kwa shikamoo zenu. Zilikuwa mbili, katika watu sita, lakini nashukuru.

Tuanze na hilo neno begi. Begi ni la harusini na hospitali. Kinachobebwa mgongoni kupandia mlima kinaitwa shanta. Mmesikia? Shanta! Mtu asiyejua jina la mzigo wake, mzigo nao hautamjua. Hii kauli ni yangu mwenyewe, mnaweza kuiandika. Naona hakuna anayeandika. Dada mweka hazina anaandika? Aa, anapiga hesabu ya nauli. Endelea, binti.

Mtauliza, huyu mzee ni nani hata atufundishe? Swali zuri, japo hakuna aliyeliuliza. Mimi nimo katika fani hii tangu 2014. Nimekwenda safari moja. Msicheke. Uzoefu haupimwi kwa idadi ya safari. Ungepimwa hivyo, kila utingo wa basi la Tanga angekuwa profesa. Mimi nilikwenda mara moja, na tangu hapo nimekuwa nikiifikiria safari ile kila siku, mara nyingine usiku. Tulikuwa marafiki sita, kama ninyi. Njia ilikuwa hiyohiyo mnayoisema: Lushoto, Lukozi, Rangwi, Mambo, mpaka Mtae pale ardhi inapokatika ghafla ukaona mbuga za Mkomazi ziko chini kama mkeka uliotandikwa. Anga likiwa safi, Kilimanjaro nao unachungulia kwa mbali. Picha yangu ya pale Mtae iko ukutani kwangu, karibuni mje kuiona. Ule mkono unaoonekana upande wa kushoto ni wa kondakta, lakini hilo tutalifikia.

Historia kidogo, maana hampandi kichuguu. Wajerumani walipoitawala nchi hii waliipenda sana Lushoto kwa baridi yake, wakaiita Wilhelmstal, kumtukuza mfalme wao. Na ni Mjerumani mmoja mtawala, Walter von Saint Paul, ambaye mwaka 1892 alikuta kiua kidogo cha zambarau katika misitu ya huko Usambara, akapeleka mbegu kwao. Leo kiua kile kiko madirishani dunia nzima na wataalamu walikipa jina lake, Saintpaulia. Yeye alikiona tu, akapewa jina. Mimi nilikikalia, na sijapewa kitu. Baadaye kidogo nilitambua kwamba nilichokikalia hakikuwa ua, ulikuwa upupu. Lakini nia ilikuwa ya kisayansi.

Naona mkono. Ushushe, ndugu yangu. "Tubebe nini" ndiyo mada yangu, na mada haikimbiliwi.

Uzito! Kanuni inayojulikana kwa watembeaji ni kwamba shanta lisizidi sehemu moja ya tano ya uzito wako. Mimi nilikuwa na kilo 68, kwa hiyo nilistahili kubeba kilo 13 na ushee. Langu tulilipima pale stendi kwenye mizani ya muuza viazi likawa kilo 29. Wenzangu wakashika vichwa. Nikawaambia kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya watu wa kawaida. Ndani mlikuwa na koti la suti, kwa sababu huwezi kujua lini utapokewa na serikali ya kijiji. Mlikuwa na kiwi na brashi, chupa ya chai ya lita tatu, kamusi, kilo nne za maharage makavu, na pasi. Pasi ya mkaa, ndiyo, ile ya jogoo. Kijana, usicheke mpaka ujue sababu: huko njiani hakuna umeme wa uhakika. Ningebeba ya umeme ningeonekana mjinga.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo elimu yenyewe ilipo. Vijana wa Lushoto walitufuata wakitaka kutuongoza kwa malipo. Wanaijua kila njia ya mbuzi kule milimani, na bei yao ilikuwa ya kugawana sita. Nikawakatalia kwa niaba ya wote. Nikasema, "Kiongozi mnaye." Nilikuwa na dira, imenunuliwa Kariakoo, iko kwenye boksi lake. Na shanta, kwa kuwa mimi ni mtu wa Dar es Salaam na nimepanda daladala za Mbagala, nilikuwa nimelivaa kifuani, si mgongoni, kwa ajili ya vibaka. Vibaka wa wapi msituni? Ndivyo alivyouliza mwenzetu mmoja. Nikamjibu kwamba kibaka ni kibaka popote.

Basi nimelivaa shanta kifuani, dira nimeiweka juu yake kama bakuli mezani. Nikaona jambo ambalo sijawahi kuliona kitabuni. Nikigeuka kulia, sindano inageuka nami. Nikigeuka kushoto, inakuja nami. Kokote nielekeako, sindano inaelekea kwangu! Nilinyamaza. Nilihisi heshima fulani. Nikafikiri, labda watu wachache huwa hivyo.

Tulitembea kwa kuifuata dira ile kuanzia saa mbili asubuhi. Tukateremka bonde, tukapanda bonde, tukakatiza shamba la kabichi, tukaomba radhi, tukakatiza tena shamba lilelile, tukaomba radhi tena. Palikuwa na bibi mmoja wa Kisambaa aliyejitwika mzigo wa kuni kichwani, mguuni yuko pekupeku, akatupita akatusalimu. Saa sita akatupita tena, safari hii amebeba ndoo ya matunda damu. Saa tisa akatupita kwa mara ya tatu, mikono mitupu, akasimama kabisa, akauliza kwa huruma, "Wanangu, mmepoteza nini?" Nikamwambia tuko kwenye safari ya kwenda Mtae. Akaniangalia, akaliangalia shanta, akasema Mtae iko nyuma yetu.

Ilipofika saa kumi na moja jioni tukatokea juu ya kilima, chini yetu pana mji mzuri wenye mabati. Nikatangaza kwamba tumefika Lukozi. Ilikuwa Lushoto. Tulikuwa tumetoka pale asubuhi.

Mwenzetu aliyesoma ufundi magari ndiye aliyeomba kuona ndani ya shanta. Alipoitoa pasi na kuiweka kando kwenye majani, sindano ya dira ikatetemeka, ikageuka polepole, ikatulia upande mwingine kabisa. Chuma, vijana wangu, huvuta sumaku. Hilo liko kwenye mtaala wa shule. Ninaloshangaa ni kwamba kati ya watu sita waliosoma, hakuna hata mmoja aliyenikumbusha.

Dada mweka hazina, usitazame saa. Bado nina dakika tatu.

Baridi. Niliambiwa mapema kwamba kule Julai kuna baridi, nikakataa, kwa sababu nimesoma Jiografia na ninajua Ikweta iko wapi. Ukweli ni kwamba ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Mombo, mnapoiacha barabara kuu, ni bonde la jasho. Lushoto iko juu kwenye mita 1,400, na njia yenu itazidi hapo. Nilikuwa na kaptula. Usiku ule mama mmoja, ambaye shamba lake la kabichi tulikuwa tumeshalifahamu vizuri, alitupa nafasi uani na moto wa kuni. Nilivaa koti la suti juu ya kaptula, na kichwani nikajifunga taulo. Watoto wa pale waliitana waje kuniona.

Hapo ndipo nilipoyatia maharage jikoni. Ilikuwa saa kumi na mbili. Mwenzangu mmoja alikuwa na karanga za kukaanga, mwingine ana viazi vitamu vya kuchemsha na dagaa, lakini nikawaomba wasile, wasiharibu hamu. Saa mbili maharage yakawa mawe. Saa tatu, mawe ya moto. Nikawaeleza, maana walikuwa wananitazama, kwamba kila ukipanda mita 300 maji huchemka kwa nyuzi moja pungufu, kwa hiyo kwenye mita 1,500 maji yanachemka kwenye nyuzi 95 tu, si 100, na kwamba kosa ni la kanieneo ya hewa. Yule mama alikuwa amekaa pembeni anachambua mboga. Akauliza taratibu, "Baba, uliyaroweka?"

Nikamjibu kuhusu kanieneo. Akaitikia. Kisha akaenda ndani akaleta sufuria la maharage yake, yaliyopikwa mchana uleule kwenye kanieneo ileile, laini kama siagi, na ugali. Tukala. Yangu yalikwenda kwa kuku, na kuku nao walifikiri kwanza.

Viatu nitavipitia haraka. Nilinunua mtumba pale Karume siku moja kabla ya safari, buti za ngozi, nzuri, zinazolia zikitembea. Kiatu cha safari huvaliwa majuma kadhaa kabla, mguu ukizoee. Asubuhi ya siku ya pili visigino vyangu vilikuwa na malengelenge ya ukubwa wa kitumbua, na huo ndio mwisho wa aya ya viatu.

Sasa nieleze nilivyofika Mtae siku mbili kabla ya wenzangu wote, rekodi ambayo hadi leo haijavunjwa katika kundi letu. Liko basi linalotoka Lushoto mchana. Basta. Wao wakatembea na mmoja wa wale vijana viongozi niliowakatalia, ambaye kumbe walikuwa wamechukua namba yake ya simu tangu jana yake bila kunishirikisha. Wanasema waliona mbega msituni Magamba. Wanasema Rangwi walilala kwa masista, wakapewa supu ya moto, na kwamba kabla ya kulala walicheka mpaka sista akaja kugonga ukuta. Sikuuliza walicheka nini. Mimi Mtae nilikuwa na chumba changu, kimya, na mandhari yote peke yangu. Siku mbili. Nilipiga pasi nguo zote.

Baadaye lile kundi letu la WhatsApp likawa halina mazungumzo. Nadhani walifungua jingine kwa sababu za kiufundi.

Lipo jambo moja dogo, si sehemu ya mhadhara. Mwana wa yule mama, wa darasa la sita hivi, ndiye aliyelibeba shanta langu mpaka kituo cha basi. Kilo 25, kwa kuwa maharage yalikuwa yameshatolewa. Alijitwika kichwani, akawa ananisubiri kila kona. Na kwa sababu ya visigino vyangu alivua ndala zake akanipa. Za bluu, kamba ya kushoto imeshikizwa kwa msumari. Nilimwambia nitazirudisha. Sasa hivi atakuwa mtu mzima, hazimtoshi, lakini niliahidi. Ninazo. Nimezifunga kwenye gazeti.

Eeh, mwenyekiti, namalizia. "Tubebe nini?" Sweta zito, tochi, plasta, koti la mvua, viatu mlivyovizoea, karanga, na kiongozi wa palepale. Nimemaliza mada.

Kilichobaki ni maswali. Kama hakuna, nitauliza mimi. Hilo gari mlilokodi ni Noah, siyo? Lina siti saba pamoja na dereva? Mbali na dereva! Na ninyi mko sita. Nauliza kwa ajili ya takwimu tu. Hapana, sijaomba chochote, nawatajieni hesabu.

Taa ipi? Ile inayowaka pale kwangu? Ile... itakuwa jirani amenisaidia. Dada, simu yako hii hapa, asante. Salio limepungua kidogo, nilimpigia dereva wenu kuulizia saa ya kuondoka.

Na hilo lililoegemezwa hapo nje mlangoni ndiyo, ni langu. Libebe ulione, kijana, ni jepesi, usiogope: sweta, na zile ndala. Hapo pembeni panapobonyea usipaguse. Ni ndogo tu safari hii, ya safari.