Nimelitia Maji, na Hakuna Aliyenisifu

Mtu akikwambia una bahati ya kukaa Diani, muulize kama amewahi kukaa hapa mwezi wa Desemba akiwa mwenyeji. Shule zikifungwa tu, jamaa wote wa bara hukumbuka kwamba sisi ni damu moja. Zamani kivuko cha Likoni kilitulinda kidogo. Kuna ndugu waliofika Mombasa, wakaiona foleni ya magari, wakapiga simu kusema wamepata dharura. Siku hizi reli inawashusha Miritini, barabara ya Dongo Kundu inawaleta upande wetu bila kuona maji ya kivuko, na dharura zimekwisha.

Wala hawaji na unga. Wanakuja na mizinga ya bourbon, ile wiski ya Marekani, na kwa kuwa mimi nilisimama nyuma ya kaunta ya hoteli ya ufuoni mpaka nikastaafu, wameshapitisha bila kura kwamba likizo yao ni zamu yangu. Mizigo haijateremshwa garini, mpwa wangu yuko mlangoni: "Anko, leo utatutengenezea Old Fashioned, sindio?" Saa nne asubuhi! Hata ile sheria ya mwaka 2010, tuliyoizoea kwa jina la Mututho, ilitaka baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi na kufungwa saa tano usiku. Baa ina saa ya kufunga. Ukoo hauna.

Kinywaji chenyewe sina ugomvi nacho. Bourbon kwa sheria ya kwao ni lazima iwe na mahindi asilimia 51 au zaidi, na ikae kwenye pipa jipya la mwaloni lililounguzwa ndani. Mwaka 1964 Bunge la Marekani likatangaza kwamba ni mali yao, mwingine asitengeneze akaiita jina hilo. Kwa hiyo ukiondoa pipa na Bunge, hii ni chang'aa iliyopelekwa shule ya bweni. Unaichukua, unatia sukari kidogo, matone ya Angostura, ile dawa chungu, na maji, unaipitishia ganda la chungwa; hiyo ndiyo Old Fashioned. Huo mchanganyiko wa pombe kali, sukari, maji na dawa chungu ulishaelezwa gazetini katika mji wa Hudson, jimbo la New York, mwaka 1806. Mnaona hapo? Maji yametajwa tangu mwanzo. Mkumbuke hilo, maana ugomvi wote wa nyumba hii unatoka hapo.

Glasi moja ni raha kuitengeneza. Unayeyusha sukari taratibu, unatia barafu, unakoroga bila haraka huku ukimsikiliza mteja akilalamika juu ya mkewe. Lakini baraza likijaa watu, hakuna raha tena. Ukimaliza glasi ya mwisho, wa kwanza ameshasimama mbele yako akitikisa barafu tupu. Nyama inachomwa, inaliwa, inaisha, wewe umeinamia bakuli la sukari. Watu wanapiga picha ya ukoo bila wewe, kisha wanakuuliza mbona hukuwepo. Hotelini angalau kulikuwa na mshahara na bakshishi. Hapa bakshishi yangu ni shemeji kunipigapiga begani na kusema, "Huyu mzee bado mkono wake uko."

Ndiyo maana nikaamua: kinywaji cha umati kinachanganywa usiku wa kuamkia sherehe, kinalala kwenye friji, na siku yenyewe nami nakaa kwenye kiti. Hesabu yake si ya chuo kikuu. Mzinga mmoja ni mililita 750, yaani glasi kumi na mbili za toti mbili mbili. Chukua shira, lakini si ile nzito ya kaimati; nyepesi, sukari na maji sawa kwa sawa. Vijiko sita vya mezani vinatosha mzinga mzima. Angostura vijiko viwili vya chai, usizidishe, kwa sababu ukali wake hausahauliki. Kisha maji mililita 180, karibu robo ya wiski yenyewe. Koroga, funga, weka kwenye baridi.

Nilipofika hapo kwenye maji, mpwa wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Alishika kichwa. "Anko! Unatia maji pombe ya watu?"

Hebu nijibu hapa, maana siku ile sikupewa nafasi. Unapokoroga kinywaji na barafu, barafu inafanya kazi mbili. Inapoza, na inayeyuka. Yale maji yaliyoyeyuka si hasara, ni sehemu ya kinywaji. Ndiyo yanayoituliza wiski mpaka mtu anasikia ladha ya pipa badala ya kusikia koo likiungua. Sasa ukichanganya kwenye chupa bila barafu, hayo maji yatatoka wapi? Usipoyatia kwa kipimo, umewapa wageni wiski tupu yenye sukari, na saa mbili usiku utakuwa unawabeba mmoja mmoja kuwapeleka mkekani. Jerry Thomas, Mmarekani aliyetoa kitabu cha wachanganya vinywaji mwaka 1862, alikuwa na mapishi ya kinywaji cha chupa cha aina hii, cha brandi. Brandi theluthi mbili, maji theluthi moja. Theluthi! Mimi na robo yangu ni bahili wa maji.

Lakini nenda ukamwambie Mswahili habari za Jerry Thomas. Mtu aliyelelewa akisikia kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, akiona maji karibu na pombe anaona wizi. Hivyo mimi nimeshtakiwa kwa methali. Nami nasema kesi ife, kwa sababu mgema wa methali alitia maji baada ya kusifiwa. Mimi hakuna aliyenisifu.

Shemeji yeye ana shaka ya aina nyingine. Hataki kunywa kitu ambacho hakuona kikifunguliwa. Alilinusa jagi, akaniangalia, akalinusa tena. Kwa hilo sitamcheka. Nchi hii imezika watu wengi waliokunywa pombe iliyotiwa sumu; mwezi wa Mei mwaka 2014 walikufa makumi kwa siku chache tu, na wengine wakapofuka. Mtu akiuliza kilichomo ndani ya chupa ana haki ya kujibiwa. Basi nimeweka desturi: ule mzinga mtupu, na kizibo chake na stempu yake, unasimama mezani kando ya jagi kama shahidi. Mwenye mashaka auchunguze. Mchanganyiko wenyewe umezidi lita moja kidogo, haurudi kwenye chupa yake ya zamani hata ukiubembeleza, na jagi letu kubwa lilivunjwa Pasaka na watoto wa hao hao wageni. Mwaka jana niliuweka kwenye jerikeni safi ya lita tano. Shemeji wa Nairobi alivunjika moyo. Alilipia bourbon bei ya mbuzi, akainywa kutoka chombo anachobebea mgema mnazi.

Kisha kuna wale wenye suluhisho la haraka: si tununue mnazi tu? Wanadhani mnazi unasubiri mtu. Kwale yote hii, kuanzia Tiwi mpaka Msambweni, mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, anapunguza ncha ya karara, anateremsha kilichodondoka. Kikishuka kimeshaanza safari yake. Asubuhi ni mtamu, jioni una makali, baada ya siku mbili ni siki ya kutilia kachumbari. Hakuna friji ya nyumbani inayousimamisha kabisa. Mnazi ni wa leo, na anayetaka kuulaza ajiandae kula saladi. Bourbon imelala miaka ndani ya pipa; usiku mmoja zaidi kwenye jerikeni hauihusu.

Lakini turudi kwenye maji, maana bado sijamaliza hasira. Ukishakubali kwamba karibu robo ya kipimo cha wiski ni maji, inabidi uulize maji gani. Visima vya huku karibu na ufuo, kwenye hili jiwe la matumbawe, vina chumvi. Chai yake unaijua hata ukifumba macho. Maji ya visima vya Tiwi ni matamu, lakini mfereji una tabia zake, na siku za wageni tabia hizo huongezeka. Mwenye mkokoteni naye anaapa kwamba jerikeni zake zimetoka Tiwi. Zikifika kwenye ulimi, zimetoka Bahari ya Hindi. Mpwa wangu, huyu huyu aliyenishtaki kwa kutia maji, ndiye aliyechota ya bombani kuongeza kwenye jagi lilipopungua. Ile awamu ya pili ilifaa kuchemshia mihogo. Tumia maji ya chupa. Hayazidi glasi moja kwa mzinga. Bei yake haimfilisi mtu aliyenunua bourbon.

Machungwa ndiyo fahari yetu, na hata hayo wameyalalamikia. Machungwa ya Shimba Hills na Msambweni yanaiva yakiwa na ganda la kijani, kwa sababu usiku wetu hauna baridi ya kuliondoa hilo kijani. Dada mmoja wa Nairobi alilishika chungwa, akauliza kama hakuna "yaliyoiva". Nikamwambia hilo limeiva kuliko sisi sote. Ganda lake limejaa mafuta. Likunje juu ya glasi uone linavyorusha. Ila ganda lisilazwe ndani ya jerikeni usiku kucha, litaleta uchungu usio wa Angostura. Linamenywa pale pale, wakati wa kumimina. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyoiacha kwa siku ya sherehe, na nimewapa watoto wakubwa kisu na sahani.

Na msianze habari za dawa. Najua dawa ndiyo iliyotupa jina: vodka, ndimu, asali, kijiti cha kupondea, iliyovuma kutoka Carnivore ya Nairobi, mkahawa uliofunguliwa mwaka 1980. Kila hoteli ya ufuo huu inaiuza. Lakini dawa haitengenezwi jana. Ndimu iliyokamuliwa jana imeshapoteza uchangamfu, na ganda lake likilala ndani linakuwa chungu. Dawa inapondwa glasi kwa glasi, na mimi nimestaafu.

Kinachoniudhi zaidi ni meza ya pili. Hapa majirani zetu wengi ni Wadigo, Waislamu, na sherehe ya heshima ina meza mbili zilizo mbali kidogo. Ya pili inasimamiwa na mama watoto, na juu yake kuna jagi la ukwaju. Ukwaju huo ameuroweka jana yake. Ameukamua, ameuchuja, ametia sukari, tangawizi, na maji. Maji mengi, kuliko Jerry Thomas! Umelala kwenye friji hiyo hiyo, ubavuni mwa jerikeni yangu. Siku ya sherehe Bi mkubwa wa jirani akapiga funda moja, akasema, "Mashallah, mwanangu, umeukoleza." Wote wakaitikia. Hakuna aliyetaja methali. Hakuna aliyeunusa. Mama watoto akanitazama kwa lile jicho lake. Tena nina hakika, sasa kwa kuwa amesifiwa, safari hii atauongeza maji, na bado watamsifu.

Wageni wangu wa Old Fashioned walikunywa jerikeni ikaisha kabla ya nyama kuiva vizuri, huku wakilalamika kwamba ina maji. Shemeji alirudi mara ya tatu "kuhakikisha". Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, nimenyoosha miguu, na picha ya ukoo ya mwaka jana nimo, katikati, ingawa nimefumba macho.

Basi mnaopanga kuja, nisikieni. Wiski mtaleta, hilo silisemi. Shira nitachemsha mwenyewe, machungwa yapo. Shida ni barafu. Stima huku Desemba huja na kuondoka itakavyo, na barafu ya mwaka jana tuliipata kwa wauza samaki. Wiski ilipoa vizuri sana, ila ilinukia changu. Pitieni Ukunda mnunue mfuko mzima wa barafu safi na maji ya chupa kabla ya kukata kona ya kwangu. Asiyekuja na barafu atakunywa ukwaju.