Kasala ya Kipande cha Mbao

Waluba hawamwimbii kasala mtu asiye na ukoo. Anayesifiwa hutajiwa babu zake, mito waliyovuka na vita walivyopigana, mpaka machozi yamlengelenge na mkono wake uingie mfukoni kumtuza mwimbaji. Kipande cha mbao kilichosalia baada ya mlango kukamilika hakijawahi kupewa heshima hiyo. Leo nakipa mimi, wala sitarajii kutuzwa, maana ninayemsifu hana mfuko.

Basi ewe kipande, mwana wa mlango, shemeji wa kitanda, mdogo wake jeneza! Wewe uliyelala chini ya meza ya fundi, maranda yamekufunika, kuku amekutagia. Wewe mwenye fundo jeusi pale hasa msumeno unapotaka kupita. Wewe uliyemeza nusu ya msumari ukanyamaza kimya. Mji wetu mzima wa Kaniama unakukanyaga ukienda kutafuta mbao.

Na mbao zinatafutwa kwelikweli. Kijana akipata msumeno wa nakshi, ule wenye utepe mwembamba wa chuma unaopanda na kushuka kama sindano ya cherehani, wa kukatia maua, ndege, jina la mchumba au ramani ya Kongo, swali lake la kwanza ni hilohilo: mbao nitazitoa wapi? Ukimjibu "msituni" utakuwa umemtukana. Miti ipo, jimbo letu la Haut-Lomami halijaishiwa miti. Lakini kati ya mti na ubao pana wapasua magogo wawili wenye misuli, pana ruhusa ya mwenye ardhi, pana baiskeli ya kubebea, na pana kungoja.

Tena mti mkubwa una wateja wake waliotangulia. Mingi huishia kuwa makaa, magunia yaliyofungwa juu ya baiskeli na kusukumwa kwa mkono mpaka mjini. Mulombwa, ambao Watanzania huuita mninga, huenda kuwa milango na makabati ya wenye pesa. Mukula nao ulipatwa na balaa la kupendwa Uchina: katika miaka ya 2010 malori ya magogo mekundu yalitoka Katanga yakielekea mipaka ya kusini, mpaka mwaka 2019 mti huo ukaingizwa katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Wewe, kipande, hujawahi kukamatwa na forodha. Hakuna kamati iliyokutana kwa ajili yako, hakuna waziri aliyekupiga marufuku, hakuna tajiri aliyekutongoza. Jina lako ni safi.

Fadhila yako kubwa ni ukavu. Anayeanza akipata pesa hukimbilia ubao mpya. Unanukia, ni mweupe, umenyooka. Jumatatu anakata tausi. Ijumaa tausi ameinamisha shingo na mkia umepasuka. Mafundi wa zamani wa Ulaya walikuwa na kanuni ya kuuacha ubao ukauke mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Ni nani hapa mwenye mwaka wa kungojea tausi? Wewe umekwisha kungoja. Pengine ulikuwa ubavu wa kitanda tangu enzi za Mobutu, ukakaushwa na moshi wa jikoni, na jua la Agosti, na joto la watoto waliopangana juu yako usiku. Ulitaka kupinda, ukapinda. Ulitaka kupasuka, ukapasuka. Kijana anayekuchukua anaoa mjane, hakuna siri itakayomshtua baada ya harusi.

Mbao za masanduku ya shehena zina sifa hiyohiyo, kwa njia nyingine. Reli ya kampuni ya BCK kutoka Bukama hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, ilifunguliwa mwaka 1928 na Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji alikuja mwenyewe kuizindua. Tangu hapo Kaniama imesimama kando ya njia ikingoja sanduku lishuke. Treni ya siku hizi haina haraka na mtu, kwa hiyo ubao wa sanduku hufika umekauka kuliko abiria.

Wanaokudharau kwa ufupi wako nawapeleka kwa wafalme wa Luba. Mbudye, chama cha watunza kumbukumbu za ufalme, hawakuhitaji ukuta wa kuandikia. Waliuweka ufalme juu ya lukasa, ubao wa kushikwa kwa mkono mmoja, umejaa shanga na alama za kuchongwa. Mjuzi aliuegemeza kwenye kiganja cha kushoto, akapitisha kidole cha kulia kutoka ushanga hadi ushanga, na kila kilipogusa wakatoka wafalme, safari, mipaka, na sheria za nani akae wapi barazani. Mwaka 1996 jumba la Museum for African Art la New York liliuandalia ufalme huo maonyesho makubwa, na mbao za lukasa zikawekwa ndani ya vioo na kumulikwa taa. Kwa jicho la fundi wa milango, urefu ule ni wa kuwashia moto. Nchi nzima ilitosha hapo, na bado kijana wetu ananung'unika kwamba kipande hakimtoshi kwa kipepeo.

Msumeno wa nakshi wenyewe haujali urefu, unajali unene. Kwa kazi ya matundu matundu, milimita tatu mpaka sita zinatosha; mnyama wa kusimama mezani anataka kama ishirini. Mlango huacha vipande vyenye unene wa ishirini na tano hivi, ukivipiga randa pande zote mbili umefika. Hekima yote ya ununuzi imekwisha hapo.

Sasa makazi yako. Fundi wa mbao wa mji mdogo hutengeneza milango, vitanda na majeneza. Mteja wa kabati akitokea, ni sikukuu. Katika kazi hizo tatu, jeneza ndilo lenye ukarimu zaidi. Lina mabega mapana na miguu myembamba, hivyo kila upande huacha pembetatu ndefu. Tena hutengenezwa usiku, kwa haraka, na mtu mwenye haraka hahesabu vipande. Anayeanza atafika asubuhi, na neno lake la kwanza liwe pole. Kuingia karakana siku ya msiba macho yakiwa chini, yakichambua pembetatu, ni njia ya uhakika ya kurudi nyumbani mikono mitupu.

Hata akitoa pole, atakuta ametanguliwa. Pale pamekaa mama mwenye beseni. Amefuata kuni za mbabula, jiko lake la makaa: vipande vyembamba hushika moto upesi na kuyaamsha makaa, na haki yake hapo ni ya miaka mingi. Mashauri huenda hivi.

"Jambo, mama. Unisamehe, hicho kidogo chekundu, naweza kukiomba?"

"Cha kufanya nini, mwanangu?"

"Nataka kukata ndege."

"Ndege wa kula?"

"Wa mbao, mama."

Mama anakitazama kipande, anamtazama kijana, halafu anamgeukia mwenye karakana. "Papa fundi, huyu mtoto ni wa nani?"

Papa fundi anamtaja baba yake, mama anasikitika kidogo kwa niaba ya ukoo ule, kisha wanapatana. Kijana anapewa kile chekundu, naye analeta vitatu vya mkaratusi ambavyo huwaka vizuri na kujinyonga vibaya. Sijui biashara nyingine ya mbao katika jimbo hili ambayo pande zote mbili huondoka zikicheka.

Wenye chuki husema unaficha misumari. Uongo! Unaihifadhi. Sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio iliyokufa, ukiipitisha taratibu juu ya ubao, huvutwa ghafla mkononi pale msumari ulipozama, hata kichwa chake kiwe kimefunikwa na rangi ya tabaka tatu. Hapo ndipo pa kuchimba kwa ncha ya patasi na kung'oa kwa koleo. Msumari unatoka umepinda, mwekundu kwa kutu, unalia. Ukinyooshwa kwa nyundo juu ya jiwe unarudi kazini. Ubao mpya wa sokoni umewahi kumpa nani msumari wa bure? Na kijana aliyepuuza sumaku atalisikia jibu mara moja: mlio mmoja mfupi, na utepe wa msumeno umekatika vipande viwili. Tepe hizo haziuzwi Kaniama, ni mpaka apatikane msafiri wa Lubumbashi, kwa hiyo somo hilo hurudiwa na wachache.

Ndugu zako wa paleti, wanaoshuka na malori ya mizigo, wao hutembea na hati zao. Tangu mwaka 2002 ipo kanuni ya kimataifa iitwayo ISPM 15, inayotaka mbao za kufungia mizigo ziuliwe wadudu kabla hazijavuka mipaka, kisha zipigwe mhuri. Ukiona HT, zimepashwa moto: chukua. Ukiona MB, zimefukizwa kwa methili bromaidi, ambayo ni sumu: ziache, na umwambie na mama wa beseni asizitie kwenye mbabula. Kando ya herufi hizo pana nyingine mbili za nchi mbao ilikotoka. Mabaki yenye pasipoti! Wapo binadamu mjini hapa wanaoitafuta pasipoti mpaka leo.

Wala asidhani mtu kwamba ni umaskini wetu tu uliokupa cheo. Marekani ya miaka ya 1870, kampuni ya W. F. & John Barnes ya Rockford, Illinois, iliuza misumeno ya nakshi inayokanyagwa kwa miguu, isiyojua umeme ni kitu gani. Mashine ya namna hiyo ingefaa sana Kaniama leo, ambako umeme ni wa jenereta ya jirani au wa jua likitaka. Watu wa tabaka la kati wakakaa sebuleni wakikata rafu za saa na fremu za picha, na wengi wao mbao walizitoa kwenye masanduku ya sigara. Yalikuwa ya mti laini wenye harufu nzuri, membamba, makavu, na ya bure, kwa kuwa sheria ya kodi ilikataza sanduku kujazwa sigara mara ya pili. Serikali ilikuwa ikitafuta ushuru wake tu.

Kwetu serikali imetoa mchango wa aina nyingine. Kituo cha Kaniama-Kasese kiko chini ya Service National, iliyoanzishwa mwaka 1997, na tangu 2020 kimepokea vijana wa Kinshasa walioitwa kuluna, wale wa mapanga ambao mji mkuu haukujua uwaweke wapi. Wamefundishwa kulima, kujenga na useremala, wakatengeneza madawati ya shule. Dawati lina meza, kiti na miguu, na kila kiungo kikikatwa kinaacha chake chini. Nasema hesabu ya mbao tu, sisemi siri za kambi.

Haki inataka nitaje na kasoro zako, ili nazo nizisifu. Umewalisha mchwa kabla hujamlisha mwenye msumeno: huo ni ukarimu kwa wageni. Dumuzi wamekutoboa: fundi mwenye akili huligeuza tundu kuwa jicho la bundi, na mteja hulipia jicho hilo kana kwamba lilichongwa. Ukiwa wa mvule, ule unaouzwa kwa jina la kambala, unaweza kubeba tumboni mawe magumu ya chokaa yanayosaga meno ya msumeno, na vumbi lako huwasha pua na ngozi. Hivyo umemfundisha kijana kufunga kitambaa usoni, jambo ambalo wazazi wake walilisema wakachoka. Ukiwa wa mwembe uliokatwa kwa sababu ya ugomvi wa majirani, una mistari myeusi ya ukungu ambayo hakuna rangi ya dukani inayoifikia. Ukiwa tripleksi ya mgongo wa kabati kuukuu, gundi imekufa na tabaka zinaachana: aliyeomba ubao mmoja anarudi na mitatu. Na nyuzi zako zikikaa mkingamo, mguu wa swala hukatika mara ya kwanza anaposimamishwa. Swala wa kulala amezaliwa hivyo, na wapo wanaosema ni mzuri kuliko wa kusimama. Nami nimo. Mchagua jembe si mkulima.

Ubaya wa sifa ni kwamba zinasikika. Vijana wameanza kuulizia vipande kwa wingi, na fundi mmoja karibu na soko ameacha kuvitupa. Amevipanga ukutani kwa ukubwa, vyekundu juu, vyeupe chini, na kila kimoja amekiandikia bei kwa chaki. Kilichotobolewa na dumuzi ni franka elfu moja, ghali kuliko vyote vizima vilivyo katika safu ile. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu bila kuacha kupiga randa, "Hicho kina macho, papa."

Mama mwenye beseni alikuwa amesimama nyuma yangu. "Na haya," akaniuliza, "ni wewe uliyemfundisha?"